Mabata wa porini wana majina yao, tuyakusanye kabla ya kutafsiri

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie mabata wa porini wa mikoa yetu ya Arusha na Kilimanjaro. Picha ya ndege wa maji ikipigwa kwenye maziwa ya Momella na Manyara au bwawa la Nyumba ya Mungu na kuchapishwa, maelezo yake huwa yaleyale: "bata maji wakiogelea". Mara nyingi waliomo pichani ni spishi mbili au tatu, na mara nyingine hakuna bata hata mmoja, bali kukuziwa au kibisi. Siku hizi pengo hilo linazibwa kwa njia mbaya zaidi, ya kuchukua jina la Kiingereza na kuligeuza neno kwa neno. Majina ya mabata hawa yapo midomoni mwa watu wanaoishi nao, na yanahitaji kukusanywa kwa utaratibu. Hayo ya Kiingereza na Kilatini yenyewe yamejaa makosa, na hatuna sababu ya kuyarithi.

Chukueni huyo anayeitwa "bata wa Misri". Ni yule mkubwa wa rangi ya hudhurungi, mwenye doa la kahawia linalozunguka jicho na jingine kifuani, ambaye huonekana wawili wawili ukingoni mwa maji, jike akipiga kelele za nguvu na dume akikoroma kwa sauti iliyokauka. Anaishi karibu Afrika yote kusini mwa Sahara. Wamisri wa kale walimjua na kumchora, Wazungu wakamfahamu kwa njia hiyo, basi akawa wa Misri hata akiwa Ngorongoro. Jina lake la kisayansi, Alopochen aegyptiaca, linarudia Misri hiyohiyo na kuongeza neno la Kigiriki lenye maana ya bukini-mbweha, kwa ajili ya rangi yake. Tena si bukini wa kweli. Bukini wa kweli hawaishi porini Tanzania.

Mwaka 1838 Mwingereza Thomas Campbell Eyton alichapisha majina ya kisayansi ya mabata wanne ambao wote tunao kaskazini mwa Tanzania. Wa kwanza ni bata mzamiaji wa Momella, mwenye mkia mgumu anaousimamisha na mdomo wa buluu kali kwa dume wakati wa kuzaliana. Huyo alimwita maccoa, inasemekana kwa kuchanganya na Macao ya China, mahali ambapo ndege huyu hajawahi kuishi. Leo yumo kwenye orodha ya dunia ya ndege walio hatarini kutoweka, na bado anabeba jina la bandari ya nchi nyingine. Wa pili, anayependa mabwawa yenye mayungiyungi, alipewa jina la Thalassornis, yaani ndege wa bahari, ingawa maisha yake ni maji baridi. Nusu ya pili ya jina lake inasema ana mgongo mweupe. Hilo ni kweli, ila weupe huo hauonekani mpaka aruke. Wa tatu ni bata mdogo mwenye mdomo wa buluu, aliyepewa jina ambalo walowezi wa Kiholanzi waliwabandika Wakhoikhoi wa kusini mwa Afrika, na ambalo leo ni tusi. Watunza orodha za ndege wamelifuta upande wa Kiingereza na sasa wanamwita kwa rangi ya mdomo wake. La Kilatini limebaki. Wa nne ndiye aliyepata jina linalomfaa moja kwa moja: sparsa, aliyenyunyiziwa, kwa sababu ya madoa meupe yaliyotawanyika kwenye mgongo wake mweusi. Huyo nitamrudia, maana ana umuhimu wa pekee kwa wenyeji wa Meru na Kilimanjaro.

Msomaji anaweza kuuliza: mbona Kiswahili chetu nacho kimefanya hivyohivyo? Ni kweli. "Bata" limetoka kwenye Kiarabu, batt. Bukini ni jina la zamani la Madagaska, kwa hiyo bata bukini ni bata wa Madagaska, ingawa asili ya ndege huyo wa kufugwa ni Ulaya na Asia. Bata mzinga hana undugu na bata. Jamaa zake ni kuku na kware, na kwao ni Amerika. Hata yule bata wa uani mwenye vinundu vyekundu usoni, anayefugwa tangu Usa River hadi Himo, ametoka Amerika ya Kati na Kusini, lakini Kiingereza kinamhusisha na Moscow na Kilatini kinamhusisha na Kairo. Ndege wa kufugwa husafiri na wafanyabiashara, na watu humpa jina la bandari ya mwisho waliyoisikia. Kosa la namna hiyo likishakaa vinywani mwa vizazi kadhaa ni mali ya lugha, na sioni haja ya kuligusa. Ninachopinga ni kosa la watu wengine kuletwa kwetu leo kwa kalamu.

Kuna njia ya kawaida kabisa ambayo majina ya mabata huzaliwa, nayo ni jina la uani kuhamia porini. Watu wetu wengi humwita bata bukini yule mkubwa niliyemtaja hapo juu, na vilevile yule mkubwa kuliko wote, mweusi wa kung'aa mwenye uso wa nyama nyekundu na kikwaru kwenye kiungo cha bawa, ambaye dume lake hufika kilo 6 na zaidi. Wasemaji wa Kiafrikana huko Afrika Kusini walifanya jambo lilelile kwa ndege huyohuyo: wanamwita wildemakou, yaani makou wa mwituni, na makou kwao ni yule bata wa uani mwenye vinundu. Kwa hiyo mkulima wa Kahe akikuambia "wale ni bukini" hajakosea. Amekupa jina la kundi. Kazi ya anayeuliza ni kuendelea: je, hao bukini wote ni namna moja, au wapo wa namna mbili? Hapo ndipo majina ya ndani huanza kutoka.

Njia nyingine ni sauti, na hapa mfano bora ni bata mwenye uso mweupe. Anasimama wima kwa shingo ndefu. Uso ni mweupe, kisogo cheusi, shingo na kifua vya rangi ya kutu, ubavu una mistari myembamba. Halii kama bata wa nyumbani, anapiga mluzi wa sauti tatu, nyembamba na wazi. Hula zaidi usiku, kwa hiyo wanaolima mpunga kwenye majaruba ya Mabogini na Chekereni humsikia akipita juu gizani kabla hawajamwona. Ndege huyu anaishi Afrika, Madagaska na Amerika Kusini pia. Wamalagasi wanamwita tsiriry. Huko Ajentina anaitwa sirirí, na Brazili irerê. Bahari iko katikati, Kimalagasi hakina undugu na lugha za huko, na majina yamekaribiana kwa sababu sikio la binadamu limesikia mluzi mmoja. Waliomtazama zaidi ya kumsikia walimwita kwa sura. Linnaeus, Mswidi aliyewapa viumbe majina ya kisayansi, mwaka 1766 alimpa jina la viduata, yaani aliyevaa ujane, na Kiafrikana kinamwita nonnetjie-eend, bata mtawa mdogo. Wote waliona kitu kilekile, uso mweupe ndani ya ushungi mweusi.

Kwa hiyo mkusanyaji akipata jina la Kichagga, Kimeru au Kimaasai lenye silabi zinazojirudia, afikirie sauti kwanza, kisha aende akamsikilize ndege mwenyewe. Asikimbilie kuamua, maana lugha za Kibantu hurudufu vitenzi kuonyesha kitendo kinachorudiwa. Jina la kurudiarudia linaweza kuwa la kuzamazama, au la kutikisa mkia, na lisihusiane na mlio hata kidogo.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe.

Muulize mtu ndege akiwa mbele ya macho yenu wote wawili, alfajiri hadi saa 3 asubuhi, jua likiwa mgongoni kwenu. Darubini ya 8x42 inatosha, na mpe mwenyeji naye atazame. Picha za kitabuni au za simu zina kasoro kubwa kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu kwenye karatasi mabata wote wanakuwa na ukubwa mmoja. Bata mdogo mwenye mdomo wa buluu ana sentimita 35 hivi kutoka ncha ya mdomo hadi mkia, lakini pichani anajaza ukurasa sawasawa na yule wa kilo 6. Mzee anayewajua ndege wote wawili kwa ukubwa wao atababaika, na wewe utaandika kwamba hajui.

Namna ya kuuliza nayo huharibu jibu. Ukisema "Yule ni bata gani?" umeshampa neno bata, na atakachofanya ni kukuongezea sifa: bata mweusi, bata mdogo. Sema tu "Yule mnamwitaje kwa lugha ya nyumbani?" kisha nyamaza. Jina likitoka, mwombe alitaje ndani ya sentensi, kwa umoja na kwa wingi, na urekodi kwa simu. Wingi unakuonyesha jina limeingizwa kwenye ngeli gani, na kiambishi chake ni dalili ya kama ni jina la zamani au ni neno la Kiswahili lililovalishwa nguo za kienyeji. Liandike lilivyotamkwa. Kimachame, Kivunjo na Kirombo, ambazo zote huitwa Kichagga, hazitamki sawa, na anayesawazisha herufi ili lifanane na Kiswahili anafuta ushahidi ambao mtaalamu wa lugha angeuhitaji.

Swali la "kwa nini anaitwa hivyo" liwe la mwisho kabisa. Watu wengi, wakiulizwa sababu, hutoa maelezo mazuri papo hapo, hata kama hawakuwahi kulifikiria jina hilo. Maelezo hayo yana thamani yake, ila yaandikwe peke yake kama maelezo ya msemaji, yasichanganywe na maana ya mizizi ya neno. Kisha uliza watu wengine wawili au watatu ambao hawakuwapo wakati wa kwanza. Ukiuliza mbele ya kundi, wa kwanza akishajibu wengine wataitikia kwa heshima, hasa akiwa ni mtu mzima.

Makosa ya kumtambua ndege ndiyo yanayozaa majina hewa. Wapo mabata wawili wa kahawia wenye kofia nyeusi utosini na mashavu meupe. Mmoja ni mkubwa, wa sentimita kama 45, mdomo mwekundu. Mwingine ni yule mdogo, mdomo wa buluu wenye ufito mweusi juu. Kwa mbali, jua likiwa mbele yako, midomo yote miwili inaonekana myeusi, na jina la mmoja linaandikwa kwa mwingine. Kwenye maji ya magadi ya Momella yupo pia wa tatu, mwenye mdomo wa waridi na kichwa cha kijivu kisicho na kofia. Hakikisha mdomo na utosi kabla ya kuandika chochote.

Jinsia nazo hudanganya. Bata mwenye nundu la nyama juu ya mdomo ni dume. Nundu hilo huvimba msimu wa kuzaliana na kusinyaa baadaye, na jike lake ni dogo sana kwa umbo na halina nundu. Mtu akikupa majina mawili usidhani ni spishi mbili, wala usimsahihishe. Andika yote mawili na useme lipi la dume. Yule mzamiaji wa mkia mgumu ana tabu zaidi, kwa sababu dume nje ya msimu hupoteza mdomo wa buluu na rangi ya kutu, akafanana na jike.

Na wale wasio bata: kibisi ana mdomo uliochongoka na anazama bila kuacha wimbi, kukuziwa ni mweusi mwenye mdomo na paji jeupe, mnandi ana mdomo wa ndoano na husimama akianika mabawa. Hao wawekwe kwenye ukurasa wao wenyewe. Wakipewa jina moja na mabata na wenyeji, hilo nalo ni jambo la kuandika, maana linaonyesha kwamba kwao kundi ni la wanaoelea wote, si la familia ya kitaalamu.

Msimu uzingatiwe. Kuanzia Oktoba au Novemba hadi Machi hivi tunapokea mabata kutoka Ulaya na Asia, akiwemo yule mwenye mdomo mpana wa koleo na yule mwenye mkia mrefu uliochongoka. Ukiuliza Julai kuhusu ndege ambaye hayupo, utapata jina la jirani yake. Mahali pa kuulizia pana mipaka yake pia. Nyumba ya Mungu ni bwawa lililotengenezwa na watu kwa kuzuia mto, na wavuvi wake wa perege wametoka sehemu nyingi za nchi, wengine wakiwa na majina waliyojifunza kwenye maziwa mengine. Jina ulilolisikia hapo ni halali, lakini uliza msemaji alijifunza wapi, usije ukaliandika kuwa la Kipare au la Kichagga kumbe limesafiri na nyavu.

Kuna hofu pia. Mabata hula mbegu na mpunga mchanga, wakulima huwafukuza, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inakataza kuwinda bila kibali. Mgeni mwenye darubini na daftari anayeuliza "mnawakamataje?" atajibiwa kwamba hapa hakuna bata. Jieleze, anza na majina ya ndege wengine wa shambani, na mambo ya mitego uyaache kabisa. Wala usicheze sauti za ndege kwa simu karibu na viota ili kuwavuta waje karibu, kwa maana wazazi huacha mayai.

Ningeshauri kazi ianze milimani, kwa yule mweusi aliyenyunyiziwa madoa meupe. Yeye hakai na makundi ya ziwani. Anakaa wawili wawili kwenye mito yenye mawe na kivuli inayoshuka Meru na Kilimanjaro, kila jozi ikishika kipande chake cha mto na kukilinda dhidi ya jozi nyingine. Ana miguu ya rangi ya chungwa inayoonekana vizuri akipanda juu ya jiwe, na hutoka zaidi alfajiri na jioni. Ni mwoga. Watalii hawamwoni na waongoza watalii wengi humtaja kwa Kiingereza tu. Lakini vyanzo vya mifongo, yaani mifereji ya jadi ya kumwagilia mashamba, viko kwenye mito hiyohiyo, na watu waliorithi kazi ya kufungua na kufunga maji ya mifongo wamekuwa wakipita kwenye makazi yake saa zilezile anazotoka. Mabata wa tambarare wanaweza kuwa na majina ya kuazima. Huyu aliishi mlangoni mwa Wachagga na Wameru tangu walipoanza kuchepusha maji, kwa hiyo kwake ndiko kwenye matumaini makubwa ya jina la kienyeji lisilotoka pwani wala Ulaya. Wanaolijua wengi ni watu wazima, na mifongo kadhaa sasa inaachwa au kubadilishwa kuwa mabomba, kwa hiyo wanaopita mtoni alfajiri wanapungua.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba gazeti litenge nafasi ndogo ya kuchapisha majina yatakayotumwa na wasomaji, na maelezo ya picha zenu za Momella na Manyara yaanze kutaja angalau rangi ya mdomo wa ndege. Atakayetuma aandike mambo haya: jina kwa umoja na wingi, lugha na kijiji, mahali msemaji alipojifunzia jina hilo, mwezi ndege alipoonekana, rangi ya mdomo, ya utosi na ya miguu, ukubwa wake ukilinganishwa na kuku, kama anazama mzima au anainamisha kichwa tu akila, na sababu ya jina kama msemaji alivyoieleza, kwa maneno yake mwenyewe.

Mwongoza watalii,
Usa River, Arusha